Kutoka kanda ya sumaku hadi laini ya E1: mwongozo kamili wa kubadili kasi za data

Una roli ya kanda ya sumaku ya upana wa nusu inchi na urefu wa futi 2,400, iliyorekodiwa kwa msongamano wa 6250. Data yake inatakiwa ipite kwenye laini ya E1 (laini ya simu ya kidijitali) hadi kituo kingine. Hesabu ya kawaida ya kanda inasema roli hiyo inabeba megabaiti 180. Karatasi ya laini inasema 2.048. Mwenye haraka anagawanya 180 kwa 2.048, anapata sekunde 88, na anawaahidi wenzake kwamba ni kazi ya dakika moja na nusu. Kazi yenyewe itachukua dakika 10 na ushei.

Namba zote mbili ni za kweli. Zimepimwa mahali tofauti, kwa vizio tofauti, na watu wa fani tofauti ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Watu wa hifadhi walihesabu baiti kwa sababu diski na kanda huhifadhi herufi na rekodi. Watu wa simu walihesabu biti kwa sababu waya hupitisha biti moja baada ya nyingine. Anayehamisha data ya zamani leo analazimika kuzijua lugha zote mbili, na anayeijua moja tu hukwama njiani.

Hatua ya 1: Iulize kila namba maswali matatu

Kabla hujagusa kikokotoo, chukua kila namba uliyopewa uiulize: ni biti au baiti? Kilo yake ni 1,000 au 1,024? Na imepimwa wapi, kwenye waya pamoja na kila kitu kinachosafiri humo, au ni shehena peke yake? Shehena ni data yako wewe, ukiondoa biti za fremu, za ukaguzi na za kuelekezana.

Majibu yaandike pembeni ya namba. Kisha ibadili namba iwe biti kwa sekunde, na uiandike nzima pamoja na sifuri zake zote: 2,048,000 badala ya 2.048. Sifuri hizo mimi huziandika hata kwa hesabu ndogo, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona yalijificha nyuma ya neno "mega".

Hatua ya 2: Biti na baiti

Kwa desturi herufi ndogo b ni biti na herufi kubwa B ni baiti. Desturi hiyo huvunjwa kila siku kwenye vipeperushi na hata kwenye skrini za programu, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Tegemea asili ya kifaa: modemu, laini ya kukodi, kadi ya mtandao na kiungo cha redio hutaja biti, ilhali diski, kanda, CD na programu za kunakili faili hutaja baiti. Kuna kifaa kimoja kisichofuata kanuni hii, nacho kinafaa kukumbukwa. Diski ngumu za miaka ya 1980 za kiolesura cha ST-506 zilitangazwa kwa biti, megabiti 5 kwa sekunde, kwa sababu kiolesura hicho kilipitisha mkondo ghafi wa biti kutoka kwenye kichwa cha kusomea.

Baiti moja ni biti 8. Nyaraka za simu hupendelea neno okteti ili kuondoa shaka, maana zamani zilikuwepo kompyuta ambazo baiti yake haikuwa na biti 8.

Hatua ya 3: Elfu au 1,024

Kwenye simu hakuna mjadala. Kilobiti ni biti 1,000 na megabiti ni biti 1,000,000, tangu zamani hadi leo. Vurugu iko upande wa hifadhi. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya IEC iliidhinisha majina ya kibi, mebi na gibi kwa vizidisho vya 1,024, yaani KiB, MiB na GiB, lakini vifaa vya zamani vilikuwa vimeshabandikwa lebo zao.

Watengenezaji wa diski ngumu na kanda hutumia elfu. Kumbukumbu ya RAM hutumia 1,024. CD hutumia 1,024 kwenye kasi yake: ile "150 KB" ya kasi ya 1x ni KiB 150, yaani baiti 153,600. Flopi ya "1.44 MB" imechanganya vyote viwili ndani ya namba moja. Ina pande 2, njia 80 kila upande, sekta 18 kila njia, na baiti 512 kila sekta. Zidisha upate baiti 1,474,560. Hiyo ni 1.47 ukihesabu kwa elfu, na 1.41 ukihesabu kwa 1,024. Ile 1.44 inatokea tu ukizidisha 1,000 kwa 1,024. Kwa hiyo ukubwa wa flopi usiuchukue kwenye lebo. Uhesabu kwa sekta.

Kosa la kuchanganya vizio hivi hukua kadiri unavyopanda: asilimia 2.4 kwenye kilo, 4.9 kwenye mega, 7.4 kwenye giga, na karibu 10 kwenye tera. Vizidisho unavyohitaji ni hivi:

KB/s kwenda kbit/s: zidisha kwa 8
KiB/s kwenda kbit/s: zidisha kwa 8.192
MB/s kwenda Mbit/s: zidisha kwa 8
MiB/s kwenda Mbit/s: zidisha kwa 8.388608
Mbit/s kwenda MB/s: zidisha kwa 0.125
Mbit/s kwenda MiB/s: zidisha kwa 0.1192

Hatua ya 4: Kishushe kifaa cha hifadhi hadi biti kwa sekunde

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu vifaa vya zamani mara nyingi havitaji kasi kabisa. Vinataja msongamano, mizunguko au upana wa basi, na kasi unaitafuta mwenyewe.

Kanda za sumaku. Kanda ya mistari 9 huandika biti 8 za data na 1 ya ukaguzi kwa pamoja, sambamba, kukatisha upana wa kanda. Ndiyo maana namba 1600 au 6250, ijapokuwa inaitwa biti kwa inchi, kiutendaji ni baiti kwa inchi. Zidisha kwa mwendo wa kanda. Kiendeshi cha inchi 125 kwa sekunde kikisoma 1600 kinatoa baiti 200,000 kwa sekunde. Kikisoma 6250 kinatoa 781,250.

Hiyo ni kasi ya kileleni. Kati ya bloku (fungu la data linaloandikwa kwa mkupuo mmoja) na bloku kuna pengo tupu: inchi 0.6 kwenye 1600, na inchi 0.3 kwenye 6250. Kwa roli ya mfano wetu, tuseme bloku zina baiti 8,192. Kila bloku inachukua inchi 1.31, pengo linaongeza 0.3, jumla inchi 1.61. Data inapata asilimia 81 ya kanda. Roli ya futi 2,400 ni inchi 28,800, nayo inaingiza bloku 17,880 hivi, yaani baiti 146,472,960. Zile megabaiti 180 zilikuwa za kanda isiyo na pengo hata moja, na kanda ya namna hiyo haipo. Kasi halisi ya kusoma nayo inashuka hadi baiti 635,700 hivi kwa sekunde, sawa na Mbit/s 5.09.

Bloku zikiwa ndogo, hesabu inabadilika kabisa. Kanda nyingi za zamani zilinakiliwa kutoka kadi za matundu, rekodi moja ya baiti 80 kwa kila bloku. Kwa 1600, rekodi hiyo inachukua inchi 0.05 tu, kisha linafuata pengo la inchi 0.6. Zaidi ya asilimia 92 ya kanda ni utupu! Kiendeshi kilichoandikwa baiti 200,000 kwa sekunde kinatoa 15,385, yaani biti 123,080 kwa sekunde, kiasi kinachotoshea kwenye chaneli mbili za simu za kbit/s 64. Roli nzima ina megabaiti 3.5. Kwa hiyo kabla ya kukisia muda wa kuhamisha kanda, tafuta kwanza ukubwa wa bloku zake. Hakuna namba nyingine yenye uzito huo.

Flopi. Kidhibiti cha flopi ya 1.44 husoma kbit/s 500, sawa na baiti 62,500 kwa sekunde. Lakini diski huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na kila mzunguko unaleta sekta 18 za baiti 512. Shehena ni baiti 46,080 kwa sekunde, au biti 368,640. Kinachobaki ni vichwa vya sekta, mapengo na biti za ukaguzi. Muda wa kichwa kuhama njia unapunguza zaidi.

Diski ngumu za ST-506. Kanuni ni ileile. Mizunguko 3,600 kwa dakika ni 60 kwa sekunde. Sekta 17 za baiti 512 kwa mzunguko. Zidisha upate baiti 522,240, yaani Mbit/s 4.18 kati ya zile 5 za lebo. Angalia pia kama sekta zilipangwa kwa kuruka. Kompyuta za wakati huo zilikuwa nzito kumeza sekta mfululizo, kwa hiyo zilipangwa moja kwa tatu au hata zaidi. Moja kwa tatu maana yake unahitaji mizunguko mitatu kumaliza njia moja, na kasi inabaki theluthi.

SCSI na ATA za waya sambamba (violesura vya kuunganisha diski na kompyuta) ni rahisi: mipigo kwa sekunde mara upana wa basi kwa baiti. SCSI ya kwanza, milioni 5 mara baiti 1, ni MB/s 5. Ultra320, milioni 160 mara baiti 2, ni 320. Kumbuka tu kwamba hiyo ni kasi ya basi, na vifaa vyote vilivyofungwa humo vinaigawana.

SATA na ndugu zake wanaopitisha biti moja baada ya nyingine wana mtego mwingine. SATA ya kwanza ni Gbit/s 1.5 kwenye waya, ila kila biti 8 za data husafiri zikiwa 10. Ondoa sehemu moja kwa tano upate Gbit/s 1.2, ugawanye kwa 8, upate MB/s 150. Usiifanyie hivyo Etherneti ya gigabiti. Kwenye nyuzi za mwanga nayo hutumia biti 10 kwa 8, lakini waya wake hupiga mara bilioni 1.25 kwa sekunde, na ile 1,000 ya jina lake ni kasi baada ya kuondoa. Jina la SATA linataja kasi kabla ya makato, jina la Etherneti linataja kasi baada ya makato.

CD ni fupi: sekta 75 kwa sekunde kwa kasi ya 1x, kila moja baiti 2,048 kwa data au 2,352 kwa muziki. Data ni biti 1,228,800 kwa sekunde, muziki 1,411,200. DVD ya 1x ni Mbit/s 11.08, kama mara tisa ya CD. Kasi kubwa kama 52x hufikiwa ukingoni mwa diski tu. Kuelekea katikati inapungua sana.

Hatua ya 5: Shusha laini ya simu hadi shehena

Chimbuko la vizio vya simu za kidijitali ni sauti ya binadamu. Sauti hukatwa vipande 8,000 kila sekunde, kila kipande biti 8. Hizo ni biti 64,000 kwa sekunde, chaneli moja. Ukishika namba hiyo, zinazofuata unaweza kuzijenga mwenyewe.

T1, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1962, ni chaneli 24 na biti 1 ya fremu: biti 193 mara 8,000, jumla 1,544,000. Shehena ni 1,536,000. Kwenye laini zinazoiba biti ya mwisho ya baadhi ya vipande kwa ajili ya ishara za simu, ni kbit/s 56 tu kwa kila chaneli ambazo data inaweza kuziamini, na shehena inashuka hadi 1,344,000.

E1, inayotumika Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya dunia, ni nafasi 32 mara 64,000, jumla 2,048,000. Nafasi ya 0 ni ya fremu, zinabaki 31: biti 1,984,000. Nafasi ya 16 ikishikwa na ishara za simu, zinabaki 30: 1,920,000. Laini ikikodishwa bila fremu, zote 2,048,000 ni zako. Muulize mwenye laini ni ipi kati ya hizo tatu kabla ya kuandika chochote.

Ngazi za juu haziendi kwa kuzidisha tu. E3 ni Mbit/s 34.368 na inabeba E1 16, ambazo jumla yake ni 32.768. T3 ni 44.736 na inabeba T1 28. STM-1 ni 155.52, ukiigawanya kwa 2.048 unapata karibu 76, lakini kwa kweli inabeba E1 63. Fremu yake ina safu wima 270 na mistari 9, inarudiwa mara 8,000 kwa sekunde, na data inapata safu 260: Mbit/s 149.76. Ukipitisha humo seli za ATM (mfumo wa mawasiliano unaokata data vipande vidogo vya ukubwa mmoja), kila seli ya okteti 53 ina shehena ya 48, kwa hiyo zinabaki 135.63, au MB/s 16.95. Hiyo inakaribiana sana na diski ya ATA ya miaka ya 1990 ikisoma kwa hali ya PIO 4, ambayo ni MB/s 16.7. Diski moja ya kawaida ya mezani ingeweza, kwa upande wa kiolesura chake, kuijaza karibu laini nzima ambayo kampuni za simu ziliitumia kama uti wa mgongo.

Modemu zina neno lao, baudi, lililotokana na jina la Mfaransa Émile Baudot. Baudi ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na badiliko moja linaweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya V.22bis ilikuwa na baudi 600 na biti 4 kwa kila badiliko, yaani biti 2,400 kwa sekunde. Ukikuta "baudi 2400" kwenye karatasi ya modemu, thibitisha kwanza mwandishi alimaanisha nini.

Kwenye mlango wa siriali wa kompyuta, kila baiti huvishwa biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza. Kwa mpangilio wa 8N1 (biti 8 za data, hakuna ya ukaguzi, 1 ya kumaliza) gawanya kwa 10, si kwa 8: biti 9,600 ni baiti 960 kwa sekunde. Ukiongeza biti ya ukaguzi, gawanya kwa 11. Flopi yetu ya baiti 1,474,560 inapita mlango huo kwa sekunde 1,536 kamili, dakika 25 na sekunde 36, kabla ya protokali yoyote kuchukua chake.

Hatua ya 6: Ondoa sehemu ya protokali

Data ikipita kwa TCP/IP, protokali za intaneti, pakiti ya okteti 1,500 ina vichwa vya okteti 40, inabaki 1,460. Kwenye Etherneti pakiti hiyo hukalia okteti 1,538 za waya ukihesabu utangulizi na pengo, kwa hiyo ufanisi ni asilimia 94.9, na Mbit/s 100 zinakuwa MB/s 11.87. Kwenye laini ya kukodi yenye PPP (protokali ya kufungasha pakiti kati ya ncha mbili za laini), ongeza okteti 8 hivi kwa pakiti: 1,460 kwa 1,508, asilimia 96.8.

Kama laini inapitia setilaiti, hesabu pia umbali. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 angani, na ujumbe kufika upande wa pili na jibu lake kurudi kwa kawaida huzidi nusu sekunde. TCP ya zamani isiyo na dirisha lililopanuliwa hutuma okteti 65,535 kisha inasubiri jibu. Ukigawanya kwa nusu sekunde, haiwezi kuvuka kbit/s 1,049, hata ukikodi laini pana kiasi gani.

Hatua ya 7: Kokotoa muda

Turudi kwenye roli yetu. Data ni baiti 146,472,960, sawa na biti 1,171,783,680. E1 yenye fremu ina shehena ya biti 1,984,000 kwa sekunde. Gawanya: sekunde 591. Gawanya tena kwa 0.968 ya PPP: sekunde 610, dakika 10 na sekunde 10.

Sasa linganisha kasi mbili. Kanda inatoa Mbit/s 5.09, laini inameza 1.98. Kanda ni mara mbili na nusu ya laini, kwa hiyo ukiiunganisha moja kwa moja kiendeshi kitasimama, kitarudi nyuma kidogo, kitaanza tena, mara elfu kadhaa. Kwa kanda ya miaka 40 huo ni ukatili. Isome yote kwa mkupuo mmoja kwenda kwenye diski, dakika 4 hivi, kisha tuma kutoka kwenye diski.

Ulinganisho huo ufanye hata kwa vifaa vya baadaye. Kanda ya LTO-3 inaandika MB/s 80 bila kubana data. Hizo ni Mbit/s 640, na STM-4 nzima ni 622.08. Basi ya Ultra320 ni Mbit/s 2,560. STM-16 ni 2,488.32. Na kama karatasi ya LTO inakutajia kasi maradufu ya hiyo, ujue imekisia kwamba data yako itabanwa nusu kwa nusu. Picha na video zilizokwisha kubanwa hazitabanwa tena, kwa hiyo tumia namba ndogo.

Hatua ya 8: Pima, kisha soma uwiano

Tuma faili unayoijua ukubwa kwa baiti, iwe kubwa ya kutosha kuchukua dakika kadhaa. Gawanya muda halisi kwa muda uliokokotoa. Uwiano unaoupata mara nyingi hukutajia kosa lenyewe.

Ukikaribia 8, umechanganya biti na baiti. Ukipata 1.25, umesahau biti za kuanza na kumaliza, au makato ya biti 10 kwa 8. Uwiano wa 1.104 ni seli za ATM. Ukiwa 1.143, chaneli zako ni za 56 badala ya 64. Ukiwa 1.032, hukuondoa nafasi ya fremu kwenye E1, na 1.067 ni kwamba hata nafasi ya 16 si yako. Ukiona 1.024, 1.049 au 1.074, ni 1,000 na 1,024 zimegongana. Namba kamili kama 2 au 3 kwenye diski ya zamani inaelekeza kwenye sekta zilizopangwa kwa kuruka. Makosa mawili yakikutana, uwiano wao huzidishana: 1.31 hivi unaweza kuwa 1.25 mara 1.049.

Uwiano ukikataa kufanana na lolote kati ya haya, fungua miunganisho miwili kwa wakati mmoja utume faili mbili. Jumla ya kasi ikipanda, laini bado ina nafasi na kinachokubana ni dirisha la TCP. Isipopanda, rudi kwenye Hatua ya 1 na umuulize mwenye laini ni nafasi ngapi kati ya zile 32 ambazo kweli zimefunguliwa kwa ajili yako.